Mama Wambura na Sinema za Vita

Ninyi vijana wa Bunda mna tabia moja inayonichekesha. Mkisikia mzee alikuwa jeshini, swali lenu la kwanza ni aliua wangapi. Mimi hujibu bila kupepesa macho: nimeua mbuzi wengi, kondoo kiasi, na kuku sina hesabu yao. Hapo mnanuna. Mlitaka mzee mwenye kovu la risasi, mmepewa mzee mwenye kovu la mafuta ya moto. Poleni sana. Nilikuwa mpishi wa jeshi tangu nikiwa kuruta mpaka nilipostaafu, na nawaambia jeshi lisilo na mpishi ni kundi la wanaume wenye njaa waliopewa bunduki.

Naitwa Magesa, nakaa Nyasura, na mnanifahamu kwa sababu kila Jumamosi mchana mlikuwa mnanikuta kwenye kibanda cha video cha Deus pale Kabasa. Mnaniita Kamanda kwa kejeli, nami naitika. Mlizoea kuniona benchi la mbele, pembeni yangu bibi mmoja mwenye kilemba kikubwa, tunaangalia sinema za vita. Wapo kati yenu waliosema wazee wamepatana uzeeni. Leo nawaeleza yule bibi ni nani na alikuja pale kutafuta nini, maana Jumamosi ile ya mwisho mlipiga makofi, na hamkujua mlikuwa mnampigia nani.

Kwanza lakini niziseme hizo sinema zenu.

Nimetazama nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na sijaona hata moja yenye jiko. Watu wanapigana wiki nzima na hakuna anayeuliza leo tunakula nini. Hakuna anayeharisha. Mimi nimekaa porini na wanajeshi, na mazungumzo yao makubwa ni chakula na tumbo, mengine yote ni ya kupitishia muda. Kwenye sinema mtu kapigwa risasi ya kifua, bado anapata nafasi ya kutoa hotuba. Anamkumbuka mchumba, anatoa picha mfukoni, anakohoa kidogo kwa adabu, ndipo anakufa. Na yule DJ wenu anayetafsiri kwa Kiswahili anaongeza ya kwake: "Anasema, msalimieni mama, mwambieni nitakumbuka ugali wake!" Mzungu wa watu, ugali ameujulia wapi? Nanyi mnalia. Tangu mwanzo watu wamekufa kama kumbikumbi na mmekuwa mkishangilia, halafu akifa mbwa wa steringi, yule shujaa wa sinema, kibanda kizima kinapenga makamasi.

Kazi yangu nilifundishwa na Koplo Mabula, mtu wa Makoko kule Musoma, aliyekulia kwenye mitumbwi. Miko ya jeshi aliiona ya watoto, akachonga wake wenye umbo la kasia, na alikuwa anasonga ugali wa kombania nzima huku amesimama juu ya matofali, anavuta kama mtu anayekimbia mvua katikati ya ziwa. Hakuwahi kunisifu. Siku nilipounguza maharage aliniita mbele ya wenzangu, akaniamuru niyale, na huku natafuna ananiuliza kwa upole kama hayahitaji chumvi. Lakini kuna jambo alinifundisha ambalo halimo kwenye sinema yoyote.

"Askari usimuulizage kama ameshiba," aliniambia. "Atakudanganya. Wewe angaliaga sahani inavyorudi."

Akarudisha sahani inayong'aa, huyo bado ana njaa. Akirudisha nusu ya chakula, amepata habari mbaya kutoka nyumbani, mfuate na chai bila kumuuliza kitu. Nimewasoma watu kwa sahani zao miaka yote ile, wakubwa kwa wadogo, na nilikosea mara chache sana.

Siku hizi naambiwa kuna majiko ya gesi yanayovutwa na gari, na vyakula vya pakiti ambavyo unachana tu na kula. Hongereni. Sisi tulipika kwa kuni, na kosa langu kubwa la kivita lilitokana na kuni. Tulikuwa kwenye mazoezi, tumejificha kwenye bonde, wenzetu wa upande wa pili wakitutafuta. Nikawasha kuni mbichi ili chai iwahi. Moshi ukapanda juu mweupe, umenyooka, unaonekana mpaka vijiji vya mbali. Tulitekwa wote kabla maji hayajachemka. Mkuu wetu alisema adui hahitaji majasusi maadamu Magesa yupo. Nilichanja kuni za kambi nzima peke yangu kwa muda ambao hata leo sipendi kuukumbuka, na wale waliotuteka walikuja kunywa chai yangu wakaisifia.

Sasa nije kwa yule bibi.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi ilikuwa nchi ya jirani, na kikosi cha kulinda amani. Kwenye kikosi hicho alikuwamo kijana wa Butiama aitwaye Wambura. Asubuhi moja alitoka na wenzake kwenda doria, gari lao likashambuliwa njiani, likaungua. Hakurudi hata mmoja wao.

Kwa kuwa mimi na Wambura tulikuwa watu wa mkoa mmoja, nilichaguliwa kusindikiza jeneza lake. Tulishuka Musoma, tukaenda kwa barabara hadi Butiama, nyumbani kwa mama yake. Jeneza lilikuwa limefungwa na amri ilikuwa lisifunguliwe. Wenye akili walielewa sababu, wakanyamaza.

Kisha afande mmoja akasimama kusoma hotuba. Hotuba ile naijua yote kwa kichwa, kwa sababu nimeisikia misiba mingi, hubadilishwa jina tu. Marehemu alikuwa kijana mtulivu. Marehemu alikuwa mtiifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu, asiyependa mzaha. Hata walevi wa kambi, wale tuliokuwa tunawaokota mtaroni, wamezikwa wakiwa watulivu na watiifu. Afande yule alisoma vizuri, kwa sauti ya kupendeza, watu wakatikisa vichwa.

Mama Wambura alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alimtazama afande, akalitazama jeneza, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wanapika: "Huyo ni nani?"

Katekista akakohoa. Wanawake wakamshika mabega wakidhani uchungu umempanda kichwani.

"Niacheni, nina akili zangu," akasema. "Mimi sina mtoto mtulivu. Sijawahi kuwa naye. Wamechanganya majina hawa. Mwenye mtoto mtulivu aje amchukue wa kwake."

Hakutoa chozi. Kwao mama aliyefiwa hulia mpaka majirani wasikie, na msiba ukiisha hunyolewa nywele, ndipo watu wanajua amekubali kwamba mtoto kaenda. Mama Wambura alikataa wembe. Alisema hawezi kunyolewa kwa msiba wa mtu mwingine. Baadaye akahamia Kabasa kwa binti yake, Nyangeta, na nywele zile zikaota miaka yote, zikawa nyeupe, akazifunga kilemba.

Nilipostaafu nikarudi Bunda, nikamkuta kwenye kibanda cha Deus. Ua wa Nyangeta unapakana na kibanda, na siku moja mama alisikia milio ya bunduki, akaingia kutazama kuna nini. Tangu hapo hakukosa Jumamosi. Deus alimwekea mto kwenye benchi, jambo ambalo kwa Deus ni sawa na kumjengea mtu ghorofa. Aliponiona mama hakunisalimia hata vizuri. Alipapasa benchi na kusema, "Magesa, kaa hapa. Wewe ulikuwaga huko. Utakuwa unaniambia ipi ya kweli na ipi ya uongo."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa uzeeni. Mtu anafyatua bunduki tangu mwanzo wa sinema na risasi haziishi, mama ananigeukia, "Hivi ndivyo?" Nasema, "Uongo, mama." Mtu anaruka kutoka kwenye gari linalowaka, anajipangusa vumbi, anawasha sigara. "Hivi ndivyo?" Hapo nilikuwa nachelewa kidogo kujibu. "Uongo mtupu, mama." Alikuwa anatikisa kichwa. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa hatafuti jinsi watu wanavyokufa. Alikuwa anatafuta jinsi wanavyopona.

Kuna Jumamosi moja mlinicheka sana, na sijasahau ni nani aliyeanza. Ilikuwa sinema mbaya kuliko zote, steringi anambusu mchumba na nyuma yao mji unaungua. Lakini kwa mbali, pembeni kabisa ya picha, alikuwapo mtu mmoja amechuchumaa anasugua sufuria kubwa. Nadhani hata waliotengeneza sinema hawakujua kama yumo. Mimi nikamwona. Machozi yalinitoka kabla sijapata muda wa kuyazuia, nikalia kwa sauti, mzee mzima. Mmoja wenu akapayuka, "Kamanda analilia sufuria!" Kibanda kikavunjika mbavu. Mama Wambura hakucheka. Alinitazama tu, akarudisha macho kwenye sinema.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mwisho.

Sinema ya siku hiyo mnaikumbuka. Askari anatangazwa amekufa, jeneza linaletwa kwao limefungwa, linazikwa kwa mizinga na bendera. Mwisho kabisa kaburi linafukuliwa, jeneza linafunguliwa, ndani kumejaa mifuko ya mchanga. Muda huohuo askari mwenyewe anaonekana anapanda njia ya kwenda kwa mama yake, na begi begani. Kibanda kililipuka. Mlipiga makofi, mlikumbatiana, yule dereva bodaboda mwenye misuli alilia akafuta uso kwa kofia ya pikipiki, sijui aliwezaje. Na Mama Wambura alisimama naye akapiga makofi, polepole, uso wake umefunguka kama wa msichana.

"Umeona, Magesa?" akaniambia. "Yule naye walimzika."

Akatoka. Nilipomfuata uani kwa Nyangeta nilimkuta anafunga nguo kwenye kanga, na jembe la jirani limeegemezwa ukutani.

"Baba Magesa, msemeshe mama," Nyangeta akaniambia. "Anataka kwenda Butiama. Anasema kaburi lifukuliwe."

Nilijaribu kuongea kiserikali. Nikamwambia kufukua kaburi kunahitaji kibali, kuna polisi, kuna mganga mkuu, kuna sijui nani. Mama hakuinua hata macho.

"Kaburi liko shambani kwangu. Kibali nakitoa mimi."

"Mama, mimi nilikuwa kati ya waliobeba lile jeneza."

"Ulimuona uso?"

"Hapana."

"Basi ulibeba sanduku, Magesa. Hata mimi naweza kubeba sanduku."

Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa kuliko siku yoyote jeshini, kwa sababu nilijua kwenye lile sanduku hamna mifuko ya mchanga, na wala hamna uso wa kumwonyesha mama. Angefika kule na jembe lake na tumaini lake lote alilopewa na sinema, angefungua, na kile ambacho angekiona kingekaa naye mpaka anaingia kaburini mwenyewe. Niliwachukia watengeneza sinema wote wa dunia hii, nikamchukia na Deus, nikawachukia na ninyi na makofi yenu.

Mama alimaliza kufunga kanga yake. Kisha akaniuliza, kama mtu anayekumbuka kitu alichoweka kiporo.

"Siku ile ulilia nini kwa Deus? Wamekufa watu kibao hujali. Ukalilia sufuria."

Nilikaa kwenye kigoda cha Nyangeta. Jambo lile nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, na msiwe wepesi kunihukumu. Ni nani anayesimama msibani, mbele ya katekista na bendera, akamwambia mama wa marehemu niliyomwambia mimi siku ile?

"Mama," nikasema, "mwanao alikuwa mwizi."

"Baba Magesa, jamani!" Nyangeta akapiga kelele.

"Mwache," mama akasema. Alikuwa ameacha kanga, amenigeukia. "Aliiba nini?"

Nikamweleza. Siku hiyo tulikuwa tumepata mbuzi, jambo la nadra kule. Nilibandika nyama alfajiri, ichemke taratibu iwe ya jioni. Kabla ya kutoka doria Wambura alipita jikoni kuomba moto wa sigara. Akanisimulia upuuzi fulani nikacheka, nikageuka kutafuta chumvi, nilipogeuka tena ameshaondoka, gari linamngoja. Mchana tukaletewa habari. Jioni waliobaki walitakiwa kula, maana jeshini chakula hakiahirishwi hata siku kama ile. Wakajipanga na sahani. Nikatumbukiza upawa kwenye sufuria, ukagonga kitu kigumu. Nikainua. Jiwe. Nikatumbukiza tena, jiwe jingine, ukubwa wa pande la nyama.

"Alikuwa amechota nyama akaweka mawe," nikamwambia, "ili sufuria isionekane imepungua. Haikuwa mara ya kwanza. Kila akifanya hivyo nilikuwa namkimbiza na mwiko kambi nzima. Jioni ile, mama, nilisahau. Nililiona jiwe nikapandwa na hasira, nikageuka nikaita kwa nguvu, 'Wambura! Mbwa wewe, njoo hapa!' Kikosi kizima kikasikia. Hakuna aliyeitika."

Nyangeta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Wakala kilichokuwapo wakaondoka. Mimi nikachuchumaa nikaisugua ile sufuria peke yangu, nikalia. Walioniuliza niliwaambia ni moshi."

Kwa Deus sinema nyingine ilikuwa imeanza, DJ anapiga kelele, mabomu yanalia.

"Hayo mawe," mama akauliza kwa sauti ndogo, "yalikuwa yameoshwa?"

Nilishtuka. Hilo nilikuwa sijalitaja.

"Yameoshwa, mama. Safi kabisa. Hayakuwa na hata chembe ya udongo."

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Nilikuwaga nampiga kwa hilo," akasema. "Alikuwa mdogo hivi, hajaanza shule. Ananichotea nyama, ananiwekea mawe ya njiani, mchuzi wote mchanga. Nikamwambia, kuiba utaniibia kwa kuwa umezaliwa hivyo, ila usinitilie uchafu kwenye mboga. Tangu siku hiyo alikuwa anayaosha." Akanitazama. "Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa amekula nyama?"

"Amekula, mama. Alibeba ya kuwatosha wenzake wote wa kwenye gari."

Mawe ya kwenye sufuria hayathibitishi chochote mbele ya hakimu, najua. Hayaonyeshi ni nani aliyelala kwenye sanduku lipi. Lakini mama hakuwa hakimu. Tangu siku ya mazishi alikuwa anangoja mtu mmoja tu amtajie mtoto aliyemzaa yeye, na sote tulikuwa tunamletea yule mtulivu wa kwenye hotuba.

Alifungua kinywa na kilio kikatoka. Sitawaeleza kilio kile, mlikisikia. Kilikuwa kilio cha msiba kamili, cha kwao, chenye jina la mtoto na majina ya babu zake. Alivua kilemba akakitupa, nywele nyeupe zikatimka, akamwambia Nyangeta akatafute wembe. Nyangeta alikuwa analia naye, haoni hata mlango uko wapi. Mimi nililia bila kusingizia moshi.

Majirani wakaja mbio. Deus akaja, ameacha televisheni yake inapigana peke yake, nanyi mkaja nyuma yake, yule dereva bodaboda akiwa mbele, bado ana macho mekundu ya kumlilia askari wa sinema. Mlisimama pale uani hamjui mikono muiweke wapi. Mwanamke mmoja mgeni mtaani akapenya katikati yenu, amejifunga kanga tayari kwa msiba, akauliza, "Jamani, amekufa nani?"

Mama Wambura akainua uso.

"Mwanangu Wambura," akasema. "Yule mwizi."